Uzi maalumu kwa wapanda milima: GPS yako na ramani yako vinasoma datamu moja?

#1 Mkwea_Uluguru (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Huu uzi ni kwa wale wanaopanda milima yetu kwa kujitegemea, hasa ile ambayo njia zake hazina vibao: Uluguru, Usambara, Udzungwa, Hanang, Rungwe. Humu ndani watu wanaulizana sana ninunue GPS gani, na majibu yanakuwa ya bei na rangi ya skrini. Jambo lililonipoteza mimi, yaani GPS na ramani kuanzia namba zao kwenye misingi tofauti (ndiyo hiyo datamu), sijaona mtu akilieleza, na kila mwaka nakutana na watu wawili watatu wanaotembea nalo mkononi bila kujua. Kwa hiyo nimekaa chini niliandike lote.

Nianze na kisa chenyewe. Mwishoni mwa masika tulitoka Morogoro mjini alfajiri, watu watatu. Tukapita Morningside, lile jengo la Wajerumani, tukaendelea juu kuelekea Bondwa kwenye minara. Kupanda hakukuwa na tabu. Tulipoanza kushuka, kama saa nane mchana, ukungu ukatufunika, mti ulio hatua kumi mbele huuoni. Nilikuwa na GPS ya mkononi, eTrex ya kampuni ya Garmin, ya betri mbili za AA, pamoja na shiti ya ramani ya 1:50,000 niliyoikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Mashine ilikuwa imekamata setelaiti vizuri, kwenye usahihi inaandika mita 6. Nikasoma namba, nikahesabu miraba ya gridi kwenye ramani, nikaweka nukta kwa penseli.

Nukta ikaangukia upande wa pili wa mgongo wa mlima, upande wa kusini. Nikawaambia wenzangu tumeuvuka mgongo bila kujua, turudi kaskazini. Waliniamini, maana mwenye mashine ndiye mimi. Ukweli ni kwamba tulikuwa juu ya mgongo wenyewe, kwenye njia sahihi. Huko "kurudi kaskazini" ndiko kulikotutoa njiani na kutuingiza kwenye korongo lenye utelezi, mizizi na miamba iliyoota kuvu. Tulishuka kwa makalio zaidi ya saa mbili. Mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Giza lilitukuta tukiwa bado msituni, na kilichotuokoa ni mlio wa mbwa. Tukaufuata mpaka kwenye migomba, tukamkuta mzee mmoja wa Kiluguru akifunga mbuzi wake. Hakutuuliza maswali. Alimwita kijana wake na tochi, akatufikisha barabarani, na hela tuliyomtolea akaikataa.

Nilikaa wiki nzima nikiwaza. Mashine inasema mita 6, mimi nimepotea mita mia tatu. Nikafikiri ni mbovu. Jumamosi iliyofuata nikaanza kuipima. Nilichagua sehemu tano pale mjini na pembezoni ambazo zinaonekana wazi kwenye ramani: daraja, njia panda ya barabara mbili za zamani, kona ya reli na kadhalika. Kila sehemu nilisimama dakika tano, nikaandika namba, nikaenda hatua inayofuata. Nyumbani nikazichora zote kwenye shiti, kisha nikaazima rula ya mwanangu wa darasa la nne.

Nukta ya kwanza: milimita 6 chini ya daraja, na milimita 2 hivi kulia. Ya pili: milimita 6 chini, 2 kulia. Ya tatu, ya nne, ya tano, hivyohivyo. Kifaa kibovu hakikosei namna hiyo. Kifaa kibovu kinatawanya nukta huku na huku, hizi zangu zilikuwa zimesogea kwa pamoja kama watu waliopanga foleni. Kwenye ramani ya 1:50,000 milimita 1 ni mita 50. Kwa hiyo nilikuwa najichora mita 300 kusini na karibu mita 90 mashariki ya mahali nilipo.

Ndipo nikachukua ile shiti na kusoma yale maandishi madogo ya pembeni ambayo siku zote nilikuwa nayapita. Yapo wazi kabisa: Arc 1960. Kwenye mashine yangu, sehemu ya mpangilio wa koordineti, ilikuwa imeandikwa WGS 84, kama ilivyotoka kiwandani. Hizo mbili ni datamu, yaani msingi ambao namba zote za ramani zinaanzia. Ramani yangu ilikuwa inaanzia hapa na mashine inaanzia pale. Nikaingia kwenye orodha ya datamu, nikachagua Arc 1960 (ipo kwenye Garmin zote nilizowahi kuzishika), nikarudi kwenye daraja. Nukta ikakaa juu ya daraja.

Sasa mambo ninayoomba mtu ayafanye kabla hajatoka nyumbani.

Soma pembezoni mwa ramani yako ujue datamu yake na gridi yake. Shiti za 1:50,000 za Tanzania zilizochapwa kwa gridi ya UTM (miraba ya mita, dunia ikiwa imegawanywa kwa kanda zenye namba), pamoja na za Kenya, ziko kwenye Arc 1960. Kisha weka mashine kwenye datamu hiyohiyo. Usiogope kwamba utaharibu alama ulizohifadhi. Kumbukumbu ya ndani ya mashine inabaki kwenye WGS 84, unachobadilisha ni namna ya kuzionyesha tu.

Halafu, na hili ndilo nalitilia mkazo kuliko yote, nenda ukasimame mahali unapopajua ulinganishe. Dakika tano. Kama nukta haikai, usipande.

Kingine ni herufi. Kwenye ramani zetu utakuta imeandikwa kanda 37S, ile S maana yake kusini ya ikweta. Kwenye Garmin baada ya 37 inakuja herufi ya ukanda wa latitudo, na kwetu sisi kuanzia ikweta hadi nyuzi 8 kusini ni M. Chini ya hapo, Mbeya na Songea, ni L. Mtu akiandika 37 S kwenye mashine ameandika ukanda wa nyuzi 32 hadi 40 kaskazini, huko Syria na Iraki. Morogoro mjini inasomeka 37 M, namba ya mashariki kama 353 elfu na namba ya kaskazini kama milioni 9 na 246 elfu. Ukiona namba za aina hiyo ujue uko nyumbani.

Na mwisho kuhusu ule mshale. Ukiiambia mashine ikupeleke kwenye alama fulani, inakuonyesha mstari ulionyooka. Korongo haioni, mto haioni, shamba la mtu haioni. Kontua, yaani mistari ya mwinuko, za ramani ya karatasi ndizo zinazokuambia kama huo mstari unapitika. Zikibanana, zunguka.

Nakaribisha maswali na masahihisho. Nitakuwa naujibu huu uzi kila jioni.

#2 Mpima_Mstaafu

Mkuu, nimefurahi sana kusoma hili. Nimefanya kazi ya upimaji zaidi ya miaka thelathini na nimewahi kuona hata ramani za miradi ya maji zikiwa na visima vilivyosogea mita 300 kwa sababu hiyohiyo. Niruhusu niongeze asili yake, maana mtu akijua chanzo hasahau.

Jina Arc linatokana na upimaji mkubwa wa mstari wa longitudo ya 30 mashariki, uliotoka Afrika Kusini kupanda kuelekea Misri. Wapimaji walipanda vilele kimoja baada ya kingine wakipima pembetatu, miaka kwa miaka, na mnyororo ule ulikamilika miaka ya 1950. Mahesabu yake ndiyo yaliyotupa Arc 1960 kwa Afrika Mashariki. Umbo la dunia lililotumika ni lile la Clarke la mwaka 1880, kubwa kidogo na lililobonyea kidogo zaidi kuliko la WGS 84. WGS 84 yenyewe ina kitovu chake katikati ya dunia, kwa sababu setelaiti zinazunguka katikati hiyo. Kitovu cha Arc 1960 kimekaa pembeni, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo, mita 300 na ushee, iko kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo tofauti hiyo inatuangukia karibu yote kwenye namba ya kaskazini. Ndiyo maana rula yako ilisoma milimita 6 Morogoro, na ingesoma 6 hizohizo Arusha au Nairobi.

Angalizo: mita 300 na 90 ni za gridi ya UTM. Ukitumia nyuzi na dakika, tofauti inabadilika kidogo, kwa sababu maumbo yenyewe ya dunia yanatofautiana. Usitoe kwa kichwa, iache mashine ifanye. Na walioko mpakani kusini wawe macho: Zambia na Malawi wana Arc 1950, ambayo si hii ya kwetu. Kwenye orodha ya mashine zimefuatana, kidole kinateleza.

Zamani kosa hili lilikuwa linajificha. Hadi usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanaichafua kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na mtu wa kawaida alikuwa anapata usahihi wa kama mita 100. Nukta ikikaa vibaya, lawama zilikwenda huko. Walipozima ule uchafuzi, kifaa cha mkononi kikaanza kutoa mita 5 hadi 10, na kosa la datamu likabaki peke yake, kubwa kuliko makosa mengine yote mtu anayokutana nayo.

Na hapohapo naomba ndugu zangu, GPS ya mkononi isitumike kugombania mpaka wa shamba. Nimeona majirani wamegeuka maadui kwa sababu ya mita 4 ambazo kifaa hicho hakina uwezo wa kuzitofautisha. Hiyo ni kazi ya mpimaji mwenye leseni na vifaa vyake.

#3 BintiLushoto

Asanteni wakuu. Mimi ni mwalimu, napenda kuwapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira kutembea Usambara. Sina GPS, nina simu tu ya Android. Je, inatosha? Na milimani kwetu mtandao unakata, je ikikata bado itanionyesha nilipo?

#4 Mkwea_Uluguru

Mwalimu, swali zuri na linawachanganya wengi.

Simu haihitaji bando wala mnara ili kujua ilipo. Ndani yake kuna kipokezi kinachosikia setelaiti moja kwa moja, kama ile mashine. Ziko kilomita 20,200 juu, na zikisikika nne angani, inatosha kupata mahali ulipo. Ya nne inahitajika kwa ajili ya kusahihisha saa ya simu yako, maana kukosea muda kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Kinachokata mtandao ukikatika ni picha ya ramani. Ndiyo maana watu wanaona kile kidoti cha buluu kinaelea kwenye karatasi ya kijivu.

Dawa ni kushusha ramani mapema ukiwa mjini. OsmAnd na Organic Maps zote zinatumia data ya OpenStreetMap na zinafanya kazi bila mtandao. OsmAnd ina kontua pia. Zima data, weka simu kwenye hali ya ndegeni, hakikisha tu GPS imebaki imewashwa. Betri itakaa muda mrefu sana tofauti na simu inayohangaika kutafuta mnara bondeni. Mkiwa na wanafunzi, beba pawabenki, na ramani ya karatasi ikae kwa mtu mwingine asiyebeba simu.

Sasa utaniuliza kwa nini basi mtu anunue mashine. Sababu yangu ni mvua. Kioo cha simu kikilowa kidole hakifanyi kazi, na ukivaa glavu ndiyo kabisa. Mashine yangu ina vitufe, naitumia huku maji yanachuruzika. Inakaa na betri mbili za AA hata saa ishirini na zaidi, na betri za AA nazipata kwenye duka la Mangi popote nchini. Hiyo ndiyo tofauti, basi. Kwa matembezi ya nusu siku karibu na vijiji, simu yako iliyoandaliwa vizuri inakutosha.

#5 TrekiyaNanyuki

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Kenya, Nanyuki, na huu uzi umenigusa kwa sababu hapa kwetu kuna kitu kingine cha kushangaza.

Mji wetu uko kwenye ikweta. Kwenye UTM, upande wa kaskazini wa ikweta namba inaanza sifuri na kupanda. Upande wa kusini wameipa ikweta namba milioni 10 ili kusiwe na namba hasi, kisha inashuka. Sasa mtu akipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, namba yake ya kaskazini inapungua, inapungua, inakaribia sifuri, halafu ghafla inaruka kuwa milioni 9 na 999 elfu. Nimeona wageni wakidhani mashine imekufa. Vilele vyenyewe, Batian na Nelion, viko kama kilomita 17 kusini mwa mstari, kwa hivyo huko juu namba ni milioni 9 na 983 elfu hivi. Ukiwa unaandika alama kwa mkono kutoka ramani, angalia kwanza uko upande gani.

La pili ni baridi. Kwenda Point Lenana, mita 4,985, watu huamka saa nane au saa tisa usiku. Betri za kawaida za alkalini zilizosoma nusu jioni zinaweza kuonyesha mwekundu saa hiyo. Hazijaisha, zimeganda. Ziweke kwapani dakika kumi utaona zinarudi. Mimi nimehamia betri za lithiamu za AA, ni ghali lakini nyepesi na baridi haizisumbui. Na usisahau kuiambia mashine umeweka betri aina gani, kuna sehemu hiyo kwenye mipangilio. Ukiacha imeandikwa alkalini huku umeweka za kuchaji, kile kipimo cha betri kitakudanganya.

Usiku, simu yangu huwa nailaza ndani ya begi la kulalia. Mashine pia.

#6 Mwongozaji_Kaskazini

Wakuu heshima kwenu. Mimi naongoza wageni mlima Meru na volkano ya Lengai, wakati mwingine Hanang. Nimesoma yote na nakubaliana nayo, ila nina neno kuhusu zile njia zinazoshushwa mtandaoni, mafaili ya GPX.

Mgeni anakuja na njia ya mtu aliyepita miaka sita iliyopita. Kwenye skrini ni mstari mzuri mwekundu. Hajui yule mtu alipita kiangazi, hajui kwamba pale alipozunguka zunguka ndipo alipopotea, na mstari umehifadhi kupotea kwake kama ulivyohifadhi njia. Lengai kila baada ya mvua kubwa yale majivu yanachimbika, mfereji uliokuwa njia mwaka jana leo ni genge la kumzidi mtu kimo. Nikiwa na faili la mtu naliangalia kama habari ya mtaani, nasikiliza halafu naangalia ardhi. Na Meru hata uwe na mashine tano, utapanda na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Mashine haijui nyati wameamkia wapi.

Lengai kuna mtego mwingine wa namba. Kanda za UTM zinagawanyika kwenye longitudo ya 36. Kilele kiko kanda ya 36, lakini ukienda mashariki kilomita tisa au kumi umeingia kanda ya 37, na Ziwa Natron limekatwa na huo mstari. Namba ya mashariki inakuwa inasoma 833 elfu, ukivuka inasoma 166 elfu. Tulikuwa na kundi limegawanyika pande mbili, upande mmoja wakatutumia namba kwa redio bila kutaja kanda. Tulihangaika nusu saa. Siku hizi vijana wangu nawafundisha kusema vyote: kanda, mashariki, kaskazini, datamu. Kama salamu.

#7 Mkwea_Uluguru

Mwongozaji, hapo kwenye kutaja namba umenikumbusha jambo linaloweza kuua mtu. Wengi wanatumia nyuzi, na nyuzi zinaandikwa kwa namna tatu. Nyuzi 6 dakika 49.5 ni sawa na nyuzi 6 dakika 49 sekunde 30. Mtu akisikia "arobaini na tisa nukta tano" akaandika dakika 49 sekunde 50, amewapeleka waokoaji kama mita 600 pembeni. Kwenye msitu wa Uluguru mita 600 ni mchana mzima. Mkiwa kundi, kubalianeni mnatumia mtindo gani kabla hamjaondoka, na kila kifaa kiwekwe hivyo.

#8 Kipepeo_wa_Amani

Naomba msaada. Nimepewa na kaka yangu eTrex ya zamani sana, ile ya njano ya skrini isiyo na rangi. Ilikaa kabatini miaka. Nimeiwasha, ikakaa muda mrefu bila kukamata kitu, nikataka kuitupa. Baadaye ikakamata, ila tarehe inasoma miaka 19 nyuma! Je mahali inaposoma niamini? Pia msituni inarukaruka.

#9 Mpima_Mstaafu

Usiitupe ndugu yangu. Kuchelewa kukamata ni kawaida kwa kifaa kilicholala. Kina orodha ya setelaiti ziko wapi, na hiyo orodha imepitwa na wakati. Inabidi ipokewe upya kutoka angani, na orodha nzima inachukua dakika 12 na nusu kupita yote. Kaa nayo mahali peupe, usitembee nayo, robo saa.

Tarehe nayo ina maelezo. GPS inahesabu wiki, na hesabu ya zamani ilikuwa na nafasi ya wiki 1,024 tu, sawa na miaka 19 na miezi saba. Mara ya mwisho ilirudi sifuri Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinadhani bado ni kile kipindi cha nyuma. Mahali ulipo panabaki sahihi. Usitegemee tu saa za machweo zinazoonyeshwa pale, wala tarehe ya njia uliyorekodi.

Msituni, shika kifaa vizuri. eTrex antena yake ni bapa, imelala chini ya kioo, kwa hiyo ilaze kiganjani ikitazama juu. Zile Garmin za aina ya GPSMAP zenye kipembe juu zinataka kusimamishwa wima. Watu wengi wanaitembeza eTrex imening'inia kiunoni, antena inatazama miguu, halafu wanalalamika. Majani mabichi yenye maji yanameza mawimbi, na kwenye korongo mawimbi yanagonga ukuta wa mwamba kwanza ndipo yanakufikia, kifaa kinafikiri uko mbali. Ndiyo huko kurukaruka. Kutokana na hilo, umbali uliotembea msituni utasomeka mrefu kuliko ulivyo. Ukifika mahali penye uwazi, simama, subiri dakika mbili, ndipo usome.

#10 BintiLushoto

Wakuu, nimerudi. Jana jioni nimemaliza kupima, nilitumia simu ikiwa kwenye WGS 84, na shiti ya Lushoto niliyoazima. Nilichukua sehemu nne, pamoja na njia panda ya kwenda Irente. Milimita 6 kusini zote nne. Mashariki, 2 kasoro kidogo. Wanafunzi walishika rula wenyewe, na mmoja wao, mtoto mdogo wa kidato cha kwanza, aliniuliza kwa nini tusiisogeze ramani badala ya kuibadilisha simu. Tukachora kona ya gridi mpya kwa penseli kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, tukaiweka juu ya ramani tukaisogeza milimita 6 na 2. Inafanya kazi.

Nina swali moja limebaki. Mwinuko. Simu yangu na saa ya mkononi ya mwenzangu yenye altimita (kipimo cha mwinuko) zilitofautiana mita 40 tukiwa tumesimama pamoja, na baada ya chakula cha mchana ile saa ilisema tumepanda mita 20 na tulikuwa tumekaa palepale.

#11 Mpima_Mstaafu

Mwalimu, mpongeze huyo mtoto kwa niaba yangu. Tulifanya hivyohivyo ofisini kabla kompyuta hazijafika, na hakuna aliyemfundisha.

Mwinuko wa GPS daima ni dhaifu kuliko mahali, kwa sababu setelaiti zote ziko juu yako na hakuna iliyo chini ya miguu. Kosa lake chukulia mara moja na nusu au mbili ya lile la pembeni. Isitoshe, GPS inapima kutoka kwenye lile umbo la dunia la kimahesabu, ambalo hapa kwetu liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita kumi na tano sehemu nyingi. Mashine nzuri inasahihisha yenyewe, baadhi ya programu za simu hazisahihishi. Hapo pekee unaweza kupata nusu ya hizo 40.

Ile saa inapima uzito wa hewa. Katika nchi zetu za joto hewa ina mawimbi yake kila siku, kama maji ya bahari. Inakuwa nzito kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, inakuwa nyepesi karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Toka asubuhi hadi jioni altimita inaweza kudai umepanda mita 20 hadi 30 ukiwa umelala kitandani. Kwa hiyo kila mkifika mahali ambapo ramani imeandika mwinuko, irekebisheni. Angalia pia kontua zako ni za mita au futi, maana ziko shiti za zamani za futi na bado zinatumika.

#12 BintiLushoto

Nimeangalia. Yangu ni ya futi. Jumamosi tunarudi Irente na rula, na ile saa tutairekebisha saa nne kamili.